Uvimbe mkubwa wa uso na shingo: Lini ukatwe, lini usikatwe



Leo tutazungumzia maradhi ambayo wengi wetu tunayaona njiani tukageuza macho. Ni ule uvimbe mkubwa unaoota usoni au shingoni, unaovuta shavu mpaka mdomo ukapinda, au unaoning'inia chini ya taya kama mfuko.

Uvimbe wa namna hii haufikii ukubwa huo kwa siku moja. Ukimuuliza mwenye nao atakwambia ulianza kama punje ya choroko, hauumi wala hauwashi, akauacha. Baada ya miaka mitatu ukawa kama ndimu, baada ya kumi ukawa kama dafu. Katikati ya miaka hiyo zimepita dawa za kupaka, zimepita chale, na mara nyingine wembe wa mtu aliyeahidi kuutoa kwa dakika tano. Mama anaongeza ukubwa wa ushungi, baba anaacha kwenda harusini, na binti anakosa posa kwa kuwa mtaa umeshaamua kuwa amerogwa au kwamba maradhi yake yanaambukiza. Linalosikitisha zaidi ni kwamba sehemu kubwa ya uvimbe huu si saratani, na ulipokuwa mdogo ungeweza kutolewa kwa upasuaji mfupi na kovu dogo.

SI KILA UVIMBE UNATAKA KISU

Kabla ya kuuzungumzia upasuaji, ni vyema ikaeleweka kuwa zipo aina za uvimbe ambazo kuzikata ni makosa. Nyumba nyingi zinapoteza muda na fedha hapa.

Ya kwanza ni kifua kikuu cha tezi. Tezi za shingoni huvimba taratibu bila maumivu makali, hushikana mafungu mafungu, na zikiachwa hupasuka na kutoa usaha. Tiba yake ni vidonge vya kifua kikuu kwa muda wa miezi sita, na katika Tanzania vidonge hivyo hutolewa bila malipo. Anayepasua tezi hizi kwa wembe hubaki na kidonda kisichofunga.

Ya pili ni uvimbe wa taya kwa watoto unaoitwa limfoma ya Burkitt. Jina hilo limetokana na daktari wa upasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Mulago, Kampala. Mwaka 1957 alionyeshwa mtoto aliyevimba taya, kisha akaona mwingine na mwingine, na mwaka 1958 akaandika taarifa iliyoufanya ugonjwa huu ujulikane dunia nzima. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kisu, lakini kisu hakikuwaponya watoto hao, kwani uvimbe ulirudi. Kilichowaponya ni dawa za saratani. Uvimbe huu ni miongoni mwa saratani zinazokua kwa kasi kuliko zote. Unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Unaonekana zaidi katika maeneo yenye malaria nyingi, na Afrika Mashariki imo. Mzazi aelewe hivi: mtoto wa miaka sita kuwa na jino linalocheza ni kawaida. Lakini meno kadhaa ya upande mmoja yakicheza pamoja na taya likaanza kuvimba, asipelekwe kung'olewa meno. Apelekwe hospitali kubwa wiki hiyo hiyo.

Ya tatu ni alama nyekundu yenye damu inayotokea kwa mtoto mchanga wiki chache baada ya kuzaliwa, ambayo wataalamu huiita hemanjioma. Huvimba haraka katika miezi ya mwanzo, kisha husimama na kunywea polepole kwa miaka. Nyingi huachwa ziondoke zenyewe. Zile zinazotishia jicho au pumzi hutibiwa kwa propranololi, dawa ya siku nyingi ya moyo na shinikizo la damu. Faida yake hii iligunduliwa bila kutarajiwa na madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, na kutangazwa mwaka 2008. Dawa hii hutolewa kwa usimamizi wa daktari, kwani inaweza kushusha mapigo ya moyo na sukari ya mtoto.

Ama rovu, yaani uvimbe wa tezi ya mbele ya koo, lina mlango wake peke yake na hatutaliingia leo. Alama yake ni kuwa hupanda na kushuka mtu anapomeza mate.

Kwa sababu hizi daktari mzuri hakimbilii kisu. Atauliza uvimbe ulianza lini, atauminya, atachungulia ndani ya kinywa, kisha atataka kipimo cha altrasaundi na kipimo cha sindano. Sindano hiyo nyembamba huingizwa katika uvimbe na kuvuta chembe chache zikaangaliwe maabara. Wapo wanaoikimbia kwa imani kwamba uvimbe ukichomwa sindano hugeuka kuwa saratani. Sindano haigeuzi uvimbe usio saratani kuwa saratani. Kinachomponza mtu huyo ni kuondoka bila majibu.

AINA ZINAZOONDOLEWA KWA UPASUAJI

Ulio wa kawaida kuliko wote ni uvimbe wa mafuta, lipoma. Ni laini, ukiubonyeza unateleza chini ya kidole, na mahali unapopapenda ni kisogoni na mabegani. Huwa ndani ya kifuko chake chembamba, hivyo daktari akishakifikia hutoka mzima kama kiini cha yai. Hata hivyo, uvimbe wowote wa nyama laini uliozidi upana wa sentimita 5, au unaokua haraka, au mgumu uliozama ndani, usiitwe mafuta mpaka upimwe. Saratani ya nyama laini huanza kwa sura hiyo hiyo ya upole.

Kwa watoto kuna uvimbe wa maji shingoni, unaotokana na mirija ya limfu iliyojengeka vibaya tangu tumboni. Karibu nusu yake huonekana mtoto anapozaliwa, na mwingi wa uliobaki hujitokeza kabla ya kutimiza miaka miwili. Ukiuwekea tochi gizani, mwanga hupenya. Mtoto akipata mafua unaweza kuvimba ghafla na kumbana pumzi. Siku hizi mwingi hutibiwa kwa kuchomwa dawa inayokausha vifuko vya maji, na upasuaji huachiwa ule usiokubali dawa.

Kisha kuna uvimbe wa mishipa ya fahamu, nyurofibroma, ambao ndio unaoleta zile sura zinazotisha watoto. Kwa wengi unatokana na hitilafu ya kurithi ambayo Friedrich von Recklinghausen, daktari wa Kijerumani, aliieleza mwaka 1882. Humpata takriban mtu mmoja katika kila watu 3,000. Dalili ya mapema ni madoa ya rangi ya kahawa ya maziwa kwenye ngozi, sita au zaidi, tangu utotoni. Nusu ya wagonjwa huurithi kwa mzazi, na nusu nyingine ni wa kwanza katika ukoo wao. Mwenye nao anapozaa, kila mtoto ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuurithi. Hauambukizi kwa kugusana, kula pamoja wala kuoana. Wanaowatenga watu hawa wanawadhulumu, na sioni haja ya kulizungusha neno hilo.

Upasuaji wa nyurofibroma kubwa ya uso ni mgumu. Haina kifuko, imejisokota ndani ya nyama kama mizizi ya mkungu katika ukuta, na imejaa damu. Mara nyingi lengo huwa kupunguza, kulifungua jicho lililofunikwa na kumrudishia mtu mdomo wa kulia chakula, kwa kujua kuwa sehemu itabaki na inaweza kukua tena. Mgonjwa aambiwe ukweli huu kabla. Mwaka 2020 Marekani iliidhinisha dawa ya kumeza, selumetinibi, kwa watoto wenye uvimbe huu usioweza kukatwa. Imewanyweshea uvimbe wengi wao, ila bei yake ni kubwa mno. Nchini Ufaransa mwaka 2007 timu ya daktari Laurent Lantieri ilifikia hatua ya kumpandikiza mgonjwa wa namna hii sehemu ya uso wa marehemu.

TEZI YA MATE NA MSHIPA WA USO

Hapa nataka tukae kidogo, kwani katika uvimbe wa shavuni wa watu wazima huu ndio unaopuuzwa mno.

Weka kidole mbele ya sikio lako, ukishushe mpaka kona ya taya. Hapo chini ya ngozi kuna tezi kubwa ya mate, na mrija wake unafunguka ndani ya shavu, mkabala na gego la pili la juu. Tezi hii ndiyo inayovimba mtu akipata matubwitubwi. Kati ya kila uvimbe 10 wa tezi za mate, takriban 8 huota katika tezi hii, na takriban 8 katika 10 ya hizo si saratani. Huanza kama gololi ngumu chini ya ndewe la sikio, usioumiza, ukikua kidogo kidogo kwa miaka.

Tatizo ni kuwa kutokuwa saratani leo si hakikisho la kesho. Aina iliyo nyingi zaidi, ikiachwa, uwezekano wake wa kugeuka saratani huongezeka kadiri miaka inavyopita. Anayekaa nao miaka 15 kwa kuwa hauumi anacheza na hatari kubwa kuliko aliyeutoa mwaka wa pili.

Na kwa nini kuutoa hakufai kufanywa na kila mtu mwenye kisu? Ni kwa sababu katikati ya tezi hiyo unapita mshipa wa fahamu unaoendesha uso mzima. Unatoka katika fuvu chini ya sikio, unaingia ndani ya tezi, na humo hugawika matawi makuu matano: la paji la uso na nyusi, la kope, la shavu, la mdomo na la shingo. Likikatwa la kope, jicho halifungi hata usingizini, hukauka, na kioo chake huweza kupata kidonda na kupofuka. Likikatwa la mdomo, chakula na mate hutiririka upande mmoja. Hivyo daktari bingwa huanza kwa kuutafuta mshipa wenyewe, kisha huufuata tawi kwa tawi akiitenga tezi nao. Kazi hii huchukua saa kadhaa, na uvimbe ukiwa mkubwa mshipa huwa umesukumwa na kutandazwa juu yake kama uzi juu ya puto.

Uvimbe huu pia hautolewi kwa kukwanguliwa kutoka ndani ya ganda lake, kwani chembe zinazobaki huota upya zikiwa vidonge vingi, na upasuaji wa pili huwa na hatari zaidi kwa mshipa kuliko wa kwanza. Hutolewa pamoja na sehemu ya tezi iliyouzunguka.

Dalili za kukimbilia hospitali bila kusubiri mwisho wa mwezi ni hizi: uvimbe uliokaa kimya miaka mingi ukaanza kukua haraka au kuuma, uso kupinda upande huo, ngozi kuchubuka na kuwa kidonda, uvimbe kugandamana usisogee, au tezi nyingine kuota shingoni. Kupooza uso upande wenye uvimbe wa tezi ya mate huchukuliwa kuwa saratani mpaka vipimo viseme vingine.

WALIOTANGULIA

Waislamu tunayo sehemu katika historia ya elimu hii. Abul-Qasim az-Zahrawi, aliyezaliwa karibu na Cordoba, Andalusi, takriban mwaka 936 na kufariki takriban mwaka 1013, aliandika kitabu kiitwacho At-Tasrif chenye sehemu 30. Ya mwisho ni ya upasuaji, ikiwa na michoro ya vyombo karibu 200. Humo ameeleza uvimbe wa shingo na namna ya kutoboa koo kumpa mgonjwa pumzi, na akasimulia habari za kijakazi aliyejikata koo ambaye yeye alimshona akapona, akabaki na sauti ya kukwaruza tu. Kuhusu saratani iliyokwisha kuwa kubwa aliwaonya madaktari wasiiguse. Alikuwa na haki kwa vyombo vya zama zake.

Karne nane baadaye mambo hayakuwa mepesi zaidi. Daktari wa Kimarekani, Peter Parker, alifungua hospitali ya macho mjini Canton, China, mwaka 1835, wakaanza kumjia watu wenye uvimbe mkubwa ajabu. Mchoraji wa mji huo, Lam Qua, aliwachora, na picha nyingi zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Yale. Wagonjwa wale walikatwa wakiwa macho, kwa kuwa dawa ya usingizi ilikuwa haijajulikana. Ilipoonyeshwa hadharani mjini Boston tarehe 16 Oktoba 1846, mgonjwa wa kwanza alikuwa kijana mwenye uvimbe wa shingo chini ya taya!

KABLA YA KUINGIA CHUMBA CHA UPASUAJI

Wengi huogopa nusu kaputi kuliko kisu. Kwa uvimbe wa uso na shingo, hofu hiyo ina msingi, nayo iko kwenye njia ya hewa. Mtu aliyelazwa usingizi huwekewa mpira wa kupumulia kooni. Uvimbe ukiwa umejaza kinywa au umelisukuma koromeo pembeni, mpira haupiti kirahisi, na mgonjwa akishalala misuli hulegea na njia huziba. Ndiyo sababu baadhi ya wagonjwa huwekewa mpira huo wakiwa bado macho, koo likiwa limetiwa ganzi, kwa kuongozwa na kamera nyembamba. Wengine hutobolewa koo chini ya ganzi kwanza. Mgonjwa akielezwa mapema hataogopa anapokiona chombo.

Kwa uvimbe mkubwa daktari atataka pia picha ya CT au MRI ili ajue umesogea umbali gani na ile mishipa miwili mikubwa ya damu ya shingo, mmoja unaopeleka damu kwenye ubongo na mwingine unaoirudisha. Atapima wingi wa damu, kisukari na shinikizo. Dawa zote unazotumia zitaje, za miti shamba zikiwemo, kwani baadhi huzuia damu kuganda.

Kisha damu ya akiba. Mtu mzima ana takriban lita 5 za damu mwilini, na mtoto wa kilo 10 hafikishi hata lita moja. Upasuaji mwingi huahirishwa kwa kukosa chupa mbili tatu. Hospitali inapoomba ndugu wajitolee, waende vijana wenye afya, wala wasingoje siku ya upasuaji wakamwagana koridoni.

Kufunga kabla ya nusu kaputi ni kutokula kwa saa 6 au zaidi kama daktari atakavyoelekeza, na maji matupu kwa kawaida huruhusiwa mpaka saa 2 kabla. Anayempenyezea mgonjwa kijiko cha uji asubuhi kwa huruma anamhatarisha, maana kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuingia mapafuni.

Upasuaji huu si wa zahanati. Hapa Tanzania anza hospitali ya wilaya au mkoa upate barua ya rufaa. Mabingwa wa kinywa, taya na uso na wa masikio, pua na koo wapo Muhimbili, KCMC na Bugando. Ikionekana ni saratani, Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ndiyo yenye tiba ya mionzi kwa muda mrefu zaidi nchini. Uliza gharama mapema na uliza bima inalipa nini. Tumeona familia zikiuza shamba kwa mganga, kisha zikafika hospitali mikono mitupu.

BAADA YA KISU

Saa 24 za mwanzo ndizo za kulinda. Damu ikivujia ndani ya shingo, hubana koo. Shingo ikianza kukaza na kuvimba, mgonjwa akawa anahangaika kupumua au sauti ikabadilika, muite muuguzi papo hapo. Mrija mwembamba unaotoka pembeni mwa jeraha ni wa kutoa maji na damu. Usiuvute wala usilale juu yake. Alale kichwa kikiwa kimeinuliwa.

Uso kulegea upande mmoja baada ya upasuaji wa tezi ya mate si lazima uwe mshipa umekatwa. Mara nyingi umechoshwa tu, na hurudi kwa wiki au miezi. Mpaka urudi, jicho litiwe matone mchana na lifungwe kwa plasta laini usiku. Ndewe la sikio kuwa na ganzi ni jambo linalotarajiwa. Mate yakivuja kwenye jeraha wakati wa kula, rudi kliniki. Kwa kawaida huziba. Na wapo ambao miezi kadhaa baadaye shavu huwatoka jasho kila wanapokula. Wasidhani limewarudia. Ni nyuzi za mshipa wa mate zilizojiunga na tezi za jasho, hali aliyoieleza daktari Łucja Frey wa Poland mwaka 1923.

Nyuzi za usoni hutolewa siku ya 5 hadi ya 7, za shingoni huchelewa kidogo. Jeraha lisipakwe majivu, dawa ya meno wala mafuta ya kienyeji. Kama kuna mshono ndani ya kinywa, sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kila baada ya kula, na mswaki upite mbali na mshono.

Kuhusu ibada, mgonjwa asiloweshe bendeji kwa kisingizio cha udhu. Maulamaa wameeleza ruhusa ya kupangusa juu ya bendeji, na ya kutayamamu pale maji yanapodhuru. Aulize kwa imamu wake namna inavyomhusu, pamoja na swala zilizompita akiwa usingizini. Kusujudu kunapeleka damu kichwani na kunaweza kufungua jeraha bichi la shingo, kwa hiyo siku za mwanzo aswali amekaa na kuashiria. Ikiwa ni Ramadhani, asifunge akiwa katika dozi. Ruhusa ya mgonjwa ipo wazi.

Mwisho, uvimbe uliotolewa haupaswi kutupwa. Unatakiwa kupelekwa maabara yote ili ujulikane ni wa aina gani na kama kingo zake zimetoka safi. Majibu huchukua wiki moja mpaka kadhaa, na ndiyo yanayoamua kama mgonjwa amemaliza au anahitaji mionzi, dawa, au kuangaliwa kila baada ya miezi. Yafuate mwenyewe kliniki, omba nakala, uiweke nyumbani pamoja na picha za CT na karatasi ya upasuaji. Daktari atakayekuona baada ya miaka mitano, pengine katika mji mwingine, kitu cha kwanza atakachokuuliza ni karatasi hiyo.